Kipunguza mwanga cha mosfeti

Kipunguza mwanga cha mosfeti (pia: dima ya mosfeti) ni kifaa cha elektroniki kinachopunguza au kuongeza mwanga wa taa inayotumia umeme wa mkondo geu, yaani AC. Hufanya hivyo kwa kupitisha sehemu tu ya kila nusu ya wimbi la umeme na kuzuia sehemu iliyobaki. Kazi ya swichi hufanywa na transista za aina ya mosfeti, ambazo vitabuni huandikwa MOSFET. Kwa kawaida mosfeti mbili huungwa kwa kupeana mgongo, kwa sababu mosfeti moja peke yake haiwezi kuzuia mkondo geu.

Dima za zamani, ambazo bado ni nyingi, hutumia triaki badala ya mosfeti. Triaki ikishawashwa haizimiki mpaka mkondo ukaribie sifuri. Mosfeti inaweza kuwashwa na kuzimwa wakati wowote. Tofauti hiyo ndiyo iliyofanya mosfeti zifae kwa balbu za LED, ambazo mara nyingi huvuma au kuchezacheza zikiungwa kwenye dima ya triaki.

## Umeme wa nyumbani

Nchini Tanzania umeme wa nyumbani unaosambazwa na TANESCO ni wa volti 230 na masafa ya 50 Hz. Maana yake wimbi moja kamili huchukua milisekunde 20, na nusu-wimbi huchukua milisekunde 10. Volteji huanza sifuri, hupanda hadi kilele, hurudi sifuri, kisha hufanya vivyo hivyo upande wa hasi. Kwa hiyo volteji huvuka sifuri mara 100 kwa sekunde.

Volti 230 ni kipimo cha wastani wa nguvu, si kilele. Kilele hupatikana kwa kuzidisha kwa kipeuo cha pili cha 2:

230 × 1.414 = 325 V

Volteji ya gridi ikipanda kwa asilimia 10 na kufika 253 V, kilele hufika karibu 358 V. Mosfeti ya dima hukutana na kilele hiki inapokuwa imezimwa, kwa hiyo lazima iweze kukistahimili pamoja na miruko ya ghafla inayoletwa na radi au mashine kubwa. Ndiyo sababu dima za volti 230 hujengwa kwa mosfeti za 600 V au zaidi.

## Historia

Kabla ya elektroniki, mwanga wa kumbi za maonyesho ulipunguzwa kwa rezista kubwa zilizoungwa mfululizo na taa. Njia hiyo ilipoteza umeme mwingi kama joto. Baadaye zilitumika transfoma zenye volteji ya kubadilishwa, ambazo hazikupoteza nguvu nyingi lakini zilikuwa nzito na ghali.

Mwaka 1957 kampuni ya General Electric ya Marekani ilitoa thairista, na triaki ikafuata katika miaka ya 1960. Mmarekani Joel Spira alibuni dima ndogo ya nusu kipitishi mwaka 1959 na kuanzisha kampuni ya Lutron mwaka 1961. Tangu hapo dima iliweza kutoshea katika kisanduku cha swichi ukutani.

Wazo la transista inayoendeshwa kwa uga wa umeme lilikuwepo tangu miaka ya 1920, wakati Julius Lilienfeld alipoomba hataza zake. Mosfeti ya kwanza iliyofanya kazi ilitengenezwa mwaka 1959 na Mohamed Atalla, mzaliwa wa Misri, pamoja na Dawon Kahng, mzaliwa wa Korea, katika maabara za Bell nchini Marekani. Mosfeti za nguvu kubwa ziliingia sokoni katika miaka ya 1970. Zilienea katika dima za taa baada ya balbu za LED kuanza kuchukua nafasi ya balbu za uzi.

## Muundo wa mosfeti

Mosfeti ya nguvu ina miguu mitatu:

* geti (G), mguu wa kuamuru;
* chanzo (S), mguu ambao volteji ya geti hupimwa kutokea hapo;
* mfereji (D), mguu unaoungwa upande wa volteji kubwa.

Geti limetengwa na silikoni kwa utando mwembamba sana wa oksidi, kwa hiyo halipitishi mkondo wa kudumu. Geti likipewa volteji chanya kulinganisha na chanzo, njia hufunguka ndani ya silikoni na mkondo hupita kati ya mfereji na chanzo. Mosfeti nyingi za volteji kubwa huanza kufunguka kati ya 2 V na 4 V, na hufunguka kabisa kwenye 10 V hadi 12 V. Kikomo cha kawaida cha geti ni 20 V. Likizidishiwa, utando wa oksidi hutoboka na mosfeti huharibika. Hata umeme tuli wa mkono unaweza kuitoboa.

Mosfeti iliyofunguka hufanya kazi kama rezista ndogo, na ukinzani wake huandikwa RDS(on). Kwa ujumla mosfeti iliyoundwa kustahimili volteji kubwa huwa na RDS(on) kubwa zaidi. Mfano ni mosfeti hizi tatu zinazojulikana sana kwa mafundi:

| Mosfeti | Volteji ya juu | RDS(on) | Matumizi ya kawaida |
|---|---|---|---|
| IRF3205 | 55 V | 0.008 Ω | inveta za betri ya 12 V |
| IRFZ44N | 55 V | 0.0175 Ω | taa na mota za 12 V |
| IRF840 | 500 V | 0.85 Ω | vifaa vya umeme wa gridi |

Mbili za kwanza hupatikana kwa wingi ndani ya inveta zilizoharibika, na zinaweza kupitisha mkondo mkubwa. Hata hivyo hazifai hata kidogo kwa dima ya volti 230. Kilele cha 325 V ni karibu mara sita ya uwezo wake, na mosfeti hupasuka mara tu umeme unapowashwa.

## Kwa nini mosfeti mbili

Kila mosfeti ya nguvu ina diodi ya ndani kati ya chanzo na mfereji. Diodi hii haikuongezwa na mtengenezaji, bali hutokana na muundo wa silikoni yenyewe. Mfereji ukiwa chanya, diodi huzuia na geti ndilo linaloamua. Mfereji ukiwa hasi, diodi hupitisha mkondo hata kama geti limezimwa.

Katika umeme wa DC jambo hili halina shida, kwa sababu mkondo una upande mmoja tu. Katika mkondo geu upande hubadilika kila milisekunde 10. Mosfeti moja ikiungwa peke yake na balbu ya uzi, nusu-wimbi moja hutii geti na nusu-wimbi nyingine hupita yote. Balbu haiwezi kuzimika. Hata mosfeti ikiwa imezimwa, balbu hupata nusu ya nguvu yake. Kama mzigo una transfoma, mkondo huo wa upande mmoja huishibisha kwa sumaku na kuichoma.

Kuna njia mbili za kutatua tatizo hili.

Mosfeti mbili mgongo kwa mgongo. Vyanzo vya mosfeti mbili huunganishwa pamoja, na mageti pia huunganishwa pamoja. Mfereji mmoja huenda kwenye waya wa moto na wa pili kwenye taa. Diodi za ndani sasa zinaelekea pande tofauti, kwa hiyo katika kila nusu-wimbi moja ya hizo mbili huzuia. Mageti yakiwashwa, njia zote mbili hufunguka na mkondo hupita pande zote.

Mosfeti moja ndani ya daraja la diodi. Diodi nne hugeuza pande zote mbili za wimbi ziwe upande mmoja, na mosfeti huwekwa katikati ya daraja. Njia hii huhitaji mosfeti moja tu, lakini wakati wote mkondo hupita kwenye diodi mbili, ambazo kwa pamoja hupoteza karibu volti 2. Kwa mzigo wa 400 W hasara hiyo ni takriban 3 W za joto. Hutumika zaidi kwa mizigo midogo.

## Namna ya kukata wimbi

Kupunguza mwanga kwa kukata wimbi kuna aina mbili kuu.

Ukataji wa mbele. Swichi husubiri baada ya volteji kuvuka sifuri, kisha huwasha katikati ya nusu-wimbi. Volteji kwenye taa huruka ghafla kutoka sifuri hadi mamia ya volti. Hii ndiyo kazi ya triaki.

Ukataji wa nyuma. Swichi huwasha volteji inapovuka sifuri, kisha huzima katikati ya nusu-wimbi. Volteji hupanda taratibu pamoja na wimbi lenyewe. Triaki haiwezi kufanya hivi kwa sababu haizimiki kwa amri. Mosfeti inaweza.

Kwa balbu ya uzi, nguvu inayoifikia taa haitegemei ni upande gani umekatwa, bali muda ambao swichi imewashwa. Muda huo ukielezwa kama pembe θ kwa radiani (nusu-wimbi nzima ni π), sehemu ya nguvu ni:

P ÷ Pkamili = θ ÷ π − sin 2θ ÷ 2π

| Muda wa kuwashwa katika kila nusu-wimbi | Pembe | Nguvu | Volteji halisi |
|---|---|---|---|
| 2.5 ms | 45° | 9% | 69 V |
| 3.3 ms | 60° | 20% | 102 V |
| 5.0 ms | 90° | 50% | 163 V |
| 6.7 ms | 120° | 80% | 206 V |
| 7.5 ms | 135° | 91% | 219 V |
| 10 ms | 180° | 100% | 230 V |

Jedwali linaonyesha kwamba robo ya kwanza ya muda haileti hata sehemu moja ya kumi ya nguvu, kwa sababu karibu na sifuri volteji ni ndogo. Mabadiliko makubwa hutokea karibu na kilele. Kwa hiyo dima nzuri haigawi muda kwa usawa kulingana na mzunguko wa kitasa.

Mita za bei ya chini hupima wastani wa volteji na kudhani wimbi ni kamili. Kwenye wimbi lililokatwa nusu, mita ya aina hiyo husoma karibu 115 V, ingawa volteji halisi ni 163 V. Kupima dima kunahitaji mita inayopima thamani halisi ya wimbi lolote.

## Sehemu za kifaa

Kitambuzi cha sifuri. Dima lazima ijue ni lini volteji imevuka sifuri. Kazi hii hufanywa na rezista kubwa pamoja na optokapla, au na maikrokontrola. Kila nusu-wimbi hupimwa upya.

Kiendesha geti. Vyanzo vya mosfeti vimeungwa kwenye umeme wa moto, kwa hiyo volteji yake hupanda na kushuka pamoja na wimbi. Geti linahitaji 10 V hadi 12 V kuhesabia kutoka hapo, si kutoka kwenye nyutro wala ardhi. Dima huwa na usambazaji mdogo wa umeme unaoelea pamoja na vyanzo, na amri hupitishwa kwa mwanga kupitia optokapla. Diodi ya Zener ya 15 V huwekwa kati ya geti na chanzo kama kinga, na rezista ya kΩ kadhaa huhakikisha geti linashuka sifuri amri inapokosekana.

Rezista ya geti. Mosfeti inaweza kuzima kwa sehemu ndogo ya maikrosekunde. Kuzima haraka hivyo hutoa kelele inayosikika kwenye redio na kutikisa koili zilizo karibu. Kwa makusudi, dima nyingi huzima polepole, kwa makumi ya maikrosekunde, kwa kuweka rezista kubwa kwenye geti. Kwa sababu hiyo dima ya mosfeti haihitaji koili kubwa ya kuchuja kelele iliyomo katika dima ya triaki, na mara nyingi haivumi.

Kinga. Varista ya 275 V huungwa kati ya waya wa moto na nyutro ili kumeza miruko ya volteji. Fyuzi hukata mkondo sakiti ikipata shoti. Dima bora hupima pia joto na mkondo, na kuzima mosfeti kabla hazijaungua.

Nyumba nyingi zina waya mbili tu kwenye kisanduku cha swichi: wa moto unaoingia na unaokwenda kwenye taa. Nyutro haipo. Dima ya waya mbili hujilisha kupitia taa yenyewe wakati mosfeti zimezimwa, kwa hiyo haiwezi kupitisha wimbi lote. Hubakiza milisekunde moja hivi. Mkondo mdogo huo unaweza kuifanya balbu ndogo ya LED iendelee kung'aa hafifu au kumetameta hata dima ikiwa imezimwa.

## Upotevu na joto

Mfano wa mzigo wa balbu za uzi zenye jumla ya 400 W unaonyesha ukubwa wa hasara. Mkondo ni 400 ÷ 230 = 1.74 A.

* Mosfeti mbili za 0.2 Ω kila moja: 1.74² × 0.4 = 1.2 W.
* Mosfeti mbili za IRF840: 1.74² × 1.7 = 5.1 W.

Ukinzani wa mosfeti huongezeka kadiri inavyopata joto, na unaweza kufika mara mbili au zaidi silikoni ikiwa na moto wa 125 °C. Mahesabu yafanywe kwa ukinzani huo wa moto.

Hasara nyingine hutokea wakati wa kuzima. Mosfeti ikizima kwenye kilele kwa maikrosekunde 50, kila kuzima hugeuza karibu milijuli 7 kuwa joto. Kwa kuwa kuzima hutokea mara 100 kwa sekunde, hasara ni karibu 0.7 W. Ikizima kwa maikrosekunde 200, hasara huwa karibu 2.7 W. Mbunifu hupima hapa kati ya ukimya wa redio na joto la kifaa. Jumla ya joto hilo lazima itoke kupitia bati la kupoozea, na kisanduku cha plastiki kilichozibwa ukutani hakitoi joto vizuri.

## Aina za taa

* Balbu za uzi na halojeni za 230 V hupokea aina zote mbili za ukataji. Uzi baridi una ukinzani mdogo sana, hivyo mkondo wa kuwasha unaweza kuzidi wa kawaida mara kumi au zaidi. Dima nzuri huanza kwa mwanga mdogo na kupanda taratibu.
* Balbu za LED zilizoandikwa kwamba zinapunguzika hufanya kazi vizuri zaidi na ukataji wa nyuma. Ndani yake mna kapasita, na mruko wa ghafla wa ukataji wa mbele husukuma mkondo mkali ndani ya kapasita hiyo mara 100 kwa sekunde.
* Balbu za LED za kawaida hazifai. Nyingi zina daraja la diodi na kapasita inayojaa hadi kilele cha wimbi. Ukataji wa nyuma unaofanyika baada ya kilele haubadilishi karibu chochote, na ukiletwa kabla ya kilele balbu hupepesa au kuzimika.
* Taa za enaji seva za kawaida hazipunguziki, na zinaweza kuharibika.
* Transfoma za chuma na mota za feni zinahitaji tahadhari. Koili hupinga kukatwa kwa mkondo na hutoa volteji kubwa kwenye mosfeti inapozima. Ukataji wa nyuma haufai kwa mizigo hii.

## Matumizi katika Shinyanga na Geita

Ngokolo ni kata ya Manispaa ya Shinyanga. Mji huo hupata umeme wa gridi ya taifa, ambayo katika muongo wa 2010 iliimarishwa kwa njia ya 400 kV kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga. Magharibi yake uko ukanda wa dhahabu: mgodi wa Bulyanhulu katika eneo la Kahama ulioanza uzalishaji mwaka 2001, na Mgodi wa Dhahabu wa Geita ulioanza mwaka 2000. Mkoa wa Geita wenyewe ulianzishwa mwaka 2012.

Katika eneo hili chanzo cha umeme si kimoja. Nyumba na maduka hutumia gridi, na gridi ikikatika huhamia kwenye jenereta au inveta. Machimbo ya wachimbaji wadogo, kama yale ya Rwamgasa na Nyarugusu, hutegemea pia jenereta na umeme wa jua. Kila chanzo huathiri dima kwa namna yake.

Jenereta. Jenereta ndogo hutoa 50 Hz ikizunguka mara 3,000 kwa dakika. Ikibebeshwa mzigo hupungua kasi. Kwenye 48 Hz nusu-wimbi ni milisekunde 10.4, na kwenye 52 Hz ni milisekunde 9.6. Dima inayohesabu milisekunde 10 bila kupima kila sifuri hupoteza mahali pake kwenye wimbi, na taa huchezacheza.

Inveta. Inveta za bei ya chini hazitoi wimbi laini bali ngazi za mraba. Volteji huruka kutoka sifuri hadi kilele mara moja, kwa hiyo ile faida ya ukataji wa nyuma ya kuanza taratibu hupotea. Kapasita za balbu za LED huvuta mkondo mkali, na mosfeti hupata joto kuliko zikiwa kwenye gridi. Inveta ya wimbi safi haina tatizo hili.

Njia ndefu za vijijini. Mwishoni mwa njia ndefu volteji inaweza kuwa chini ya 230 V. Dima hukata tu; haiwezi kupandisha volteji.

Radi. Kanda ya Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani. Mruko wa radi ukizidi uwezo wa varista, mosfeti huwa ya kwanza kuungua.

Matumizi yanayofaa ni pamoja na kumbi za mikutano na sherehe, nyumba za ibada, hoteli na vyumba vya kulala. Wafugaji wa kuku hutumia taa za joto, mara nyingi za 250 W, kulea vifaranga. Vifaranga wa wiki ya kwanza huhitaji joto la karibu 32–35 °C, na dima husaidia kulishusha kadiri wanavyokua. Taa hiyo ni mzigo rahisi wa uzi wenye mkondo wa 1.1 A. Kipimajoto bado ni cha lazima, kwa sababu dima hudhibiti umeme wa taa, haijui joto la banda.

Mahali ambapo dima ya kukata wimbi haifai ni karibu na mashine zinazozunguka, kama makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu, pangaboi na misumeno. Taa ya LED iliyokatwa sana huwaka na kuzimika mara 100 kwa sekunde. Gurudumu linalozunguka kwa kasi inayolingana na mapigo hayo huonekana kama limesimama, au kama linakwenda polepole kinyumenyume. Mfanyakazi anaweza kunyoosha mkono kwenye mashine iliyo katika mwendo. Vilevile taa za dharura na za njia za kutokea haziwekwi kwenye dima.

## Usalama

Mosfeti iliyoungua mara nyingi hubaki shoti kati ya mfereji na chanzo. Taa basi huwaka kwa mwanga wote na kitasa hakifanyi kazi. Katika banda la vifaranga hali hiyo ni joto la kupita kiasi, na ukumbini ni taa isiyozimika.

Kwa sababu hiyo hiyo, dima si swichi ya kutenga umeme. Hata ikiwa nzima na imezimwa, mosfeti na sakiti ya kujilisha hupitisha mkondo mdogo, na mguu wa taa unaweza kuwa na volteji ya hatari. Anayebadilisha balbu au kufungua dima huzima meini swichi kwanza na kuhakikisha kwa kipimo kwamba hakuna umeme.

Mambo mengine ya kuzingatia ni haya:

* dima huungwa kwenye waya wa moto, si kwenye nyutro;
* bati la kupoozea linaweza kuwa na umeme wa moto, kwa sababu mgongo wa mosfeti nyingi umeungana na mfereji;
* kapasita za ndani hubaki na chaji kwa muda baada ya umeme kukatwa;
* mguu wa ardhi wa osiloskopu hauungwi kwenye chanzo cha mosfeti bila transfoma ya kutenga au kipimo maalumu, kwani husababisha shoti ya moja kwa moja;
* sakiti mpya hujaribiwa kwanza ikiwa na balbu ya uzi mfululizo, ili kosa liwashe balbu hiyo badala ya kupasua mosfeti;
* jumla ya wati za taa isizidi uwezo ulioandikwa kwenye dima, na kwa LED watengenezaji wengi huruhusu wati chache zaidi kuliko za balbu za uzi.

Nchini Tanzania mafundi wa ufungaji umeme hupewa leseni na EWURA, na ubora wa vifaa husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mafunzo ya ufundi umeme hutolewa na vyuo vya VETA, kikiwemo cha Shinyanga.

## Njia nyingine

Pale ambapo taa hutumia DC, kama kwenye mifumo ya jua ya 12 V au taa za kichwani za wachimbaji, mosfeti moja inatosha. Huwashwa na kuzimwa mara mamia au maelfu kwa sekunde, na mwanga hutegemea sehemu ya muda ambayo imewashwa. Diodi ya ndani haina madhara hapa, na IRFZ44N isiyofaa kwa gridi hufanya kazi hii vizuri. Kwa taa mpya za LED njia hii mara nyingi ni rahisi na salama zaidi: umeme wa gridi hubadilishwa kuwa DC ya volteji ndogo, kisha mwanga hupunguzwa upande wa DC.

Kwa mizigo mikubwa, transista za aina ya IGBT zilizoenea tangu miaka ya 1980 hutumika badala ya mosfeti, hasa katika dima za majukwaa.

## Tazama pia

* Transista
* Diodi
* Mkondo geu
* Taa ya LED
* TANESCO
* Mkoa wa Shinyanga
* Mkoa wa Geita